Mwaka wa chemba haupimwi kwa semina

Ripoti za mwaka za chemba za wafanyabiashara zimefanana mno. Ukishasoma ya mkoa mmoja, ya jirani unaweza kuikisia ukiwa umefumba macho. Kutakuwa na semina ya kodi, banda la maonesho ya Nane Nane pale Themi, Arusha, ziara ya mafunzo, ugeni kutoka ubalozi fulani na picha ya pamoja na mkuu wa mkoa. Kisha inakuja sehemu ya mipango: kuongeza wanachama, kushirikisha vijana na akina mama, kujenga jengo la kitega uchumi. Mweka hazina anasoma hesabu, mwenyekiti anashukuru, watu wanakula na kutawanyika.

Chakula hakina kosa. Ninachohoji ni kipimo. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Ngarenaro, au mwenye mashine ya kusaga Usa River, akiambiwa mwaka ulikuwa wa mafanikio atauliza jambo dogo tu: ile kero niliyokuwa nayo Januari, Desemba imeondoka? Kama bado ipo, semina zote zile zimemfaa nini? Na kama imeondoka, nani aliiondoa, chemba au bahati?

Tuanzie mbali kidogo, maana tabia hii ina chanzo chake. TCCIA, yaani Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo, ilianzishwa mwaka 1988. Miaka mitano tu kabla ya hapo, mwaka 1983, nchi ilikuwa kwenye msako wa wahujumu uchumi, na mtu aliyekutwa na katoni za sabuni stoo alikuwa na maelezo ya kutoa. Nyuma zaidi kuna Februari 1967, Azimio la Arusha lilipotangazwa katika mji wetu huu na mabenki yakataifishwa. Kwa hiyo chemba ilizaliwa katika nchi ambayo mfanyabiashara alikuwa bado anatazamwa kwa jicho la pembeni, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuishawishi serikali kwamba watu hawa si maadui. Kazi hiyo ilihitaji upole, vikao na picha za pamoja. Nadhani ndiyo maana hadi leo chemba nyingi zinahesabu kukaribishwa mezani kuwa ni ushindi. Mwaka 1988 ulikuwa ushindi kweli. Leo, Rais mwenyewe ndiye mwenyekiti wa Baraza la Taifa la Biashara lililoundwa mwaka 2001, na mabaraza hayo yameshuka hadi mikoani na wilayani. Kiti tunacho. Kinachotakiwa kuhesabiwa ni kile tulichoondoka nacho baada ya kukaa.

Arusha ina ugumu wake ambao mikoa mingine haina. Hapa kila sekta yenye fedha ina chama chake. Waongoza biashara ya safari wana TATO. Wakulima na wasafirishaji wa maua, mboga na matunda wana TAHA, ambayo makao yake yako hapahapa. Wafanyabiashara wakubwa wa madini wana chama chao, wachimbaji wa Mererani wana chao. Wenye viwanda vikubwa wanaangalia Dar es Salaam kwenye Shirikisho la Viwanda. Wanawake wana chemba yao. Vyama hivi vinajua vinachotaka, vinaajiri watu wa sheria na wa sera, na bajeti ikikaribia utavisikia vikitaja mpaka kifungu.

Nani anabaki kwa chemba? Muuza vipuri, fundi wa aluminiamu, mwenye bekari, wakala wa dawa za mifugo, mwenye stesheneri, mwenye lori mbili za Fuso, muuza mitumba wa jumla, mama anayesindika pilipili Tengeru. Wapo viongozi wanaowaona hawa kama masalia, kana kwamba vigogo wangekuwa ndani ndipo chemba ingekuwa chemba. Mimi naona kinyume. Hawa ndio mji. Na wana kitu ambacho TATO au TAHA hawawezi kukibeba kwa niaba yao: kero zinazokata sekta zote. Ushuru wa halmashauri, leseni, umeme, mpaka, barabara, utaratibu wa ukaguzi. Chemba ikijaribu kuwa TATO ndogo itashindwa. Ikishika yale yanayomgusa muuza vipuri na mwoka mikate kwa pamoja, haina mpinzani.

Lakini kuna suala la fedha, na wenye chemba hawapendi lizungumzwe hadharani. Chemba hutoa vyeti vya uasili wa bidhaa, ile karatasi inayothibitisha kwamba mzigo umezalishwa Tanzania ili ukifika nchi yenye makubaliano nasi upate nafuu ya ushuru wa forodha. Ni huduma halali, muhimu, na ina malipo. Tatizo linaanza pale mapato ya namna hii yanapoizidi ada ya uanachama. Anayekuja kuchukua cheti ni mteja: analipa, anagongewa mhuri, anaondoka. Hamuulizi mwenyekiti umefanya nini. Anayelipa ada ndiye mwenye haki ya kuuliza, na ada ikiwa haina maana katika mapato, swali lake nalo linakuwa halina maana. Ndiyo sababu ningependa ripoti ya mwaka ioneshe waziwazi, kwa mistari miwili tu, fedha ngapi zimetoka kwa wanachama na ngapi kwa wateja na wafadhili. Mistari hiyo ingetueleza mengi kuliko hotuba.

Halafu yupo mtu ambaye hata cheti chenyewe hakimpeleki chembani. Utaratibu rahisi wa biashara wa Afrika Mashariki unamruhusu mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ukiwa kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, apate cheti rahisi palepale mpakani kutoka kwa maofisa wa forodha. Wengi wanaopita njia za panya na ndoo za nyanya hawana habari. Wanaogopa kitu ambacho tayari kimeshalegezwa kwa ajili yao. Chemba ikiamua kazi moja tu ya kuwapelekea hao maelezo, kwa lugha wanayoielewa na kwa Kimaasai pia pale Longido, itakuwa imefanya zaidi ya semina tano za hotelini.

Na hapo ndipo tunafika Namanga, ambako kwa maoni yangu mwaka wa chemba ya Arusha unapaswa kupimwa.

Kutoka Arusha hadi Namanga ni kama kilomita 110. Nairobi iko karibu nasi kuliko nusu ya safari ya kwenda Dar es Salaam. Vitunguu vya Mang'ola, mahindi, maharage, ndizi, mifugo, vyote vinaiangalia Kenya kabla ya kuiangalia pwani. Kituo cha huduma kwa pamoja cha Namanga kilizinduliwa rasmi Desemba 2018 na marais wa nchi zote mbili, John Magufuli na Uhuru Kenyatta, na kwa haki kabisa kilipunguza adha: unasimama mara moja badala ya mara mbili. Ila geti likishafunguka, kinachozuia mzigo si geti tena. Ni cheti cha afya ya mimea, ni viwango, ni kibali ambacho jana hakikuwepo, ni barua iliyoandikwa na ofisi fulani mji mkuu na dereva akaisikia akiwa kwenye foleni.

Mwanzoni mwa Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu. Malori yakapangana mpakani. Siku chache baadaye zuio likalegezwa kwa masharti, na Mei mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alipokwenda Nairobi suala lile likapata msukumo wa juu kabisa. Wengi walilichukua kama hadithi yenye mwisho mwema. Mimi nililiona kama onyo. Kero ya mwenye lori moja ilihitaji ziara ya mkuu wa nchi. Zuio dogo lisilofika kwenye magazeti, la dagaa, la mayai, la unga wa lishe wa kikundi cha akina mama, halina rais wa kulisemea. Linahitaji mtu wa ngazi ya mkoa aliye na rekodi: lilianza tarehe ngapi, nani alilitamka, kwa barua ipi, mzigo wa thamani gani umekwama.

Upande wetu nao hatuko wasafi. Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo rejareja, ufundi wa kurekebisha simu, uongozaji watalii na ununuzi wa mazao shambani. Kenya ikalalamika. Mitaani Arusha wengi walishangilia, na sababu zao ninazielewa. Mwenye kibanda cha simu anayeshindana na mgeni mwenye mtaji mnono hana hamu ya mihadhara ya soko huria. Lakini chukua Mang'ola. Dalali Mtanzania amefurahi kwamba mnunuzi kutoka ng'ambo ya mpaka haingii tena shambani moja kwa moja. Mkulima wa vitunguu je? Wanunuzi wakipungua, bei inaelekea wapi? Wote wawili, dalali na mkulima, wana haki ya kuwa wanachama wa chemba ileile. Herufi ya mwisho ya TCCIA ni ya kilimo. Hapa chemba ingeweza kufanya jambo ambalo hakuna mwingine mwenye nafasi nalo: kukusanya bei ya gunia shambani kabla na baada, wiki kwa wiki, na kuziweka mezani. Takwimu hizo zingeweza kuthibitisha kwamba amri ni nzuri. Zingeweza pia kuonesha inahitaji kurekebishwa. Bila hizo, mjadala unabaki wa nani ana sauti kubwa.

Na Arusha ina vifaa ambavyo mfanyabiashara wa Kigoma au Songea angevipata kwa nauli ya siku mbili. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa. Baraza la Biashara la Afrika Mashariki, linalounganisha sekta binafsi za nchi wanachama, liko hapa. Upo mfumo wa kuripoti vikwazo visivyo vya kiforodha kwa intaneti, na tangu mwaka 2017 ipo sheria ya Jumuiya ya kuviondoa. Ipo Mahakama ya Afrika Mashariki, na ibara ya 30 ya Mkataba inamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama, mtu au kampuni, kupinga sheria, kanuni au uamuzi unaokiuka Mkataba. Sharti lake kali ni muda: miezi miwili tangu jambo litokee au tangu mlalamikaji alipolijua.

Miezi miwili hiyo ndiyo hoja yangu. Mfanyabiashara aliyekwama mpakani hutumia wiki ya kwanza kutafuta mtu anayemjua, ya pili kubembeleza, ya tatu kuuza mzigo kwa hasara kabla haujaoza. Akija kukumbuka kwamba kulikuwa na haki mahali, muda umekwisha. Chemba yenye daftari la vikwazo, yenye mwanasheria hata wa kukodi kwa saa, ingeweza kuandika tarehe siku ya kwanza. Sisemi iwashitaki watu kila mwezi. Ofisa anayejua kwamba barua yake itaandikiwa tarehe na kupelekwa mbele huandika kwa uangalifu zaidi, hilo tu linatosha mara nyingi.

Nirudi mjini. Kwenye mabaraza ya biashara ya mkoa na wilaya, ambako mwenyekiti ni mkuu wa mkoa au wa wilaya, upande wa serikali huja na mafaili na upande wetu huja na malalamiko. Faili hushinda. Chukua ushuru wa huduma wa halmashauri. Unatozwa kwa mauzo, hautazami faida. Tuseme wafanyabiashara wawili wameuza shilingi milioni 100 kila mmoja. Wa kwanza anauza saruji kwa jumla na amebakiwa na milioni tatu. Wa pili anatoa huduma isiyo na gharama kubwa na amebakiwa na milioni 30. Ushuru wao ni sawasawa. Hoja hii kila mtu anaijua, inasemwa kila kikao, na kila kikao inamalizwa kwa “tutalifanyia kazi”. Sijui kingetokea nini kama chemba ingepeleka hesabu halisi za wanachama kumi, majina yakiwa yamefichwa, zikionesha ushuru ule umekula asilimia ngapi ya faida ya kila mmoja. Ninachojua ni kwamba mkurugenzi wa halmashauri asingeweza kujibu karatasi ile kwa sentensi moja.

Hata yaliyokwisha kulegezwa hayafiki kwa watu. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 ushuru wa mazao ulishushwa hadi asilimia tatu kwa mazao ya biashara na asilimia mbili kwa ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja unaosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine ukaondolewa ushuru. Nenda kawaulize wenye Noah zinazobeba viazi. Asiyejua haki yake hulipa, na hapati risiti.

Chemba zisipoyabeba haya, yatabebwa na wengine kwa njia nyingine. Mei 2023 Kariakoo ilifungwa, wafanyabiashara wakilalamikia kikosi kazi cha kodi na usajili wa stoo, hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kukaa nao. Juni 2024 maduka yakafungwa tena, safari hii mgomo ukavuka Dar es Salaam na kufika miji mingine ya mikoani. Katika matukio yote mawili jina la chemba halikuwa mdomoni mwa watu. Mgomo unajua kusimamisha jambo. Kuandika kanuni mbadala si kazi yake. Baada ya hapo serikali iliunda tume ya rais ya maboresho ya kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue, ambayo ilikusanya maoni. Hapo ndipo mahali pa chemba hasa, na ni hapo ambapo mwenye daftari angesikilizwa kabla ya mwenye hasira.

Jirani yetu Moshi, mkoani Kilimanjaro, nitaipitia haraka, kwa sababu kosa kubwa ingekuwa kuifanya iwe nakala ya Arusha. Mji wenye mnada wa kahawa, wenye KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ya mwaka 1933 na chuo cha ushirika kilichoanza 1963 na kuwa chuo kikuu, una utajiri wa watu wanaojua kuandaa hesabu za vikundi. Chemba ya Kilimanjaro ikiomba wanafunzi wa pale wafanye utafiti wa bei na gharama kwenye masoko ya Mbuyuni, Himo na Kwasadala, gharama yake ni nauli na chai. Ina mipaka yake pia, Holili na Tarakea. Wangeweka daftari la pamoja na Arusha, mzigo uliokataliwa Namanga ukakubaliwa Holili kwa vyeti vilevile ungeonekana mara moja. Kilomita 80 haziwezi kuwa sababu ya kutozungumza.

Mipango ya mbele, basi. Neno linalotawala ni AFCON ya 2027, ambayo Tanzania inaandaa pamoja na Kenya na Uganda, na uwanja wa watu 30,000 wa Olmoti, hapa Arusha. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema. Ila mgeni wa mpira analala siku chache na kuondoka. Anayepona ni yule aliyejiandaa kumuuzia. Kuzungumzia “fursa” hakuandai mtu. Zabuni za umma sasa zinapita kwenye mfumo wa NeST, na sheria inatenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu ya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Mwoka mikate wa Sakina asiye na alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango, asiyejisajili NeST, na asiyeweza peke yake kutoa mikate inayotakiwa kwa siku moja, hatauza hata kipande uwanjani. Chemba ingeweza kuwakusanya waokaji wanane wakaomba kama kundi. Ni kazi ya kuchosha, ya kujaza fomu na kufuatilia nywila zilizosahaulika. Lakini ina tarehe ya mwisho, na matokeo yake yanahesabika: wangapi wamesajiliwa, wangapi wameomba, wangapi wamepata.

Kuhusu jengo la kitega uchumi, sina haraka nalo. Wanachama wa chemba nchini walishaonesha wanaweza kuwekeza. Kampuni yao ya uwekezaji iliorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2018. Tofali si upungufu wetu. Kabla ya kumlipa mkandarasi ningemlipa kijana mmoja wa takwimu, mwenye pikipiki, anayekwenda Namanga kila wiki, masoko ya Kilombero na Tengeru siku zake, na ofisi za halmashauri siku zinazobaki.

Kazi yake iwe kuandika daftari lenye safu tano: tarehe, kikwazo, nani amekwama na kwa thamani gani, kimepelekwa wapi, kimejibiwaje. Mkutano mkuu ujao uanze nalo kabla ya hotuba ya mwenyekiti, mstari kwa mstari, mkuu wa mkoa akiwa ameketi mbele na maofisa wa forodha, TBS na halmashauri wakiwa wamealikwa kwa majina ya vyeo vyao. Palipo na jibu lisomwe na aliyejibu apongezwe. Pasipo na jibu, msomaji aseme hakuna jibu, ataje ofisi, kisha aendelee na mstari unaofuata.